Mpango wa Sifa Mbele ya Jina katika Kiingereza, na Shida ya Wanafunzi wa Mang'ola

Katika mambo ya sarufi ya Kiingereza ambayo mwalimu hutakiwa kuyafundisha, liko moja ambalo vitabu vingi hulipitia kwa haraka, na walimu wengi hulisahihisha bila kulieleza. Nalo ni mpango wa sifa zinapotangulia jina. Mwanafunzi akiandika "red three big onions", mwalimu hupiga mstari kwa wino mwekundu, huandika juu yake "three big red onions", kisha huendelea na kosa lifuatalo. Mwanafunzi akiuliza sababu, jibu alipatalo mara nyingi ni kwamba Waingereza hawasemi hivyo. Jibu hili ni la kweli, lakini halifundishi kitu. Kwa kuwa mtoto hakukaa na Waingereza, naye hana njia ya kujua wasemavyo ila kwa kuelezwa.

Wala si ajabu kwamba mwalimu hukosa la kusema. Mwingereza mwenyewe, aliyezaliwa katika lugha hiyo, hushika mpango huu tangu utotoni bila kufundishwa, na akiulizwa kanuni hushindwa kuitaja. J. R. R. Tolkien, aliyekuwa mwalimu mkuu wa lugha katika Oxford, alisimulia katika barua ya mwaka 1955 kwamba alipokuwa mtoto wa miaka saba hivi alitunga hadithi ya joka, akaandika "a green great dragon". Mama yake akamwambia kuwa haisemwi hivyo, ila "a great green dragon". Mtoto akashangaa kwa nini, na hata katika uzee wake alikiri kuwa bado anashangaa. Ikiwa mtaalamu wa namna hii alibaki na swali, yatupasa tuwe wapole kwa mtoto wa Karatu aulizaye lilelile.

Nia ya makala haya ni kueleza kanuni hiyo kadiri ijulikanavyo, kutaja sababu zake, na kuilinganisha na desturi za Kiswahili na za lugha nyingine zisemwazo Mang'ola, ili mwalimu apate kujua kosa la mwanafunzi limetoka wapi.

I. Mahali penyewe na lugha zake

Mang'ola ipo upande wa kaskazini mashariki wa Ziwa Eyasi, katika wilaya ya Karatu. Nchi yenyewe ni kavu, lakini zipo chemchemi, mashuhuri kuliko zote ile ya Qang'dend, ambazo maji yake huongozwa kwa mifereji mpaka mashambani. Na mazao yake makubwa ni vitunguu, ambavyo huuzwa Arusha na hata kuvuka mpaka kwenda Kenya. Kwa ajili ya mashamba hayo watu wa makabila mengi wamekusanyika, na katika soko la Barazani mtu aweza kusikia kwa asubuhi moja lugha za jamaa nne zisizo na udugu wowote ulio wazi baina yao.

Ya kwanza ni Kiiraqw, lugha ya Kikushi, iliyo na udugu wa mbali na Kisomali. Ya pili ni Kidatooga, lugha ya Kiniloti ya kusini, jamaa ya lugha za Wakalenjin wa Kenya. Ya tatu ni Kihadza, ambayo wasemaji wake ni kama elfu moja hivi, nayo haijapatiwa ndugu hata mmoja kwa uthibitisho. Zamani iliwekwa katika fungu moja na lugha za Wakhoi na Wasan wa kusini mwa Afrika kwa sababu ya sauti zake za kugonga ulimi, lakini siku hizi wataalamu wengi huiona kuwa lugha iliyo peke yake. Ya nne ni jamaa ya Kibantu, ambayo ndani yake kimo Kiisanzu, lugha ya wenyeji wa kusini ya ziwa, na Kiswahili chenyewe, kinachowaunganisha wote.

Basi mtoto wa hapa huanza na lugha ya mama yake. Shuleni hufundishwa kwa Kiswahili. Na akiingia sekondari masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na mitihani hufanywa kwa lugha hiyo. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, tena pengine ya nne. Kosa la mpango wa maneno, ambalo kwa mtoto wa London lingekuwa mchezo, kwake laweza kumpunguzia alama katika kila somo la kuandika. Na lililo baya zaidi, laweza kumfanya adhani kuwa hana akili, hali ana kanuni tatu kamili kichwani mwake, ila hiyo ya nne hajaelezwa.

II. Kanuni ya Kiingereza

Maneno yatanguliayo jina katika Kiingereza hugawanyika katika mafungu mawili. Fungu la nje ni la maneno yaonyeshayo ni kitu kipi au vingapi. Fungu la ndani ni la sifa zenyewe.

Katika fungu la nje, kwanza huja neno la jumla, kama "all". Kisha kionyeshi, au neno la kumiliki, au "the". Kisha hesabu ya mpango, kama "first". Mwisho hesabu ya idadi. Hivyo husemwa "all those three onions", na "the first three days". Yafaa kuangalia kwamba kionyeshi na neno la kumiliki hugombea kiti kimoja, wala haviwezi kukikalia pamoja. Sisi twasema "kitabu changu hiki" bila taabu. Lakini "this my book" si Kiingereza cha leo, bali hupasa kusema "this book of mine". Kosa hili lasikika sana Afrika ya Mashariki, na asili yake ni hiyo.

Katika fungu la ndani, vitabu vya sarufi kwa kawaida hupanga daraja nane, kutoka ile iliyo mbali na jina mpaka iliyo karibu nalo:

1. Sifa ya maoni, yaani jinsi msemaji akionavyo kitu: "good", "beautiful", "nasty".
2. Sifa ya ukubwa au urefu: "big", "small", "long".
3. Sifa ya umri: "old", "new", "young".
4. Sifa ya umbo: "round", "square".
5. Sifa ya rangi: "red", "white".
6. Sifa ya asili, yaani nchi au kabila kitokako: "French", "Hadza".
7. Sifa ya kitu kilichotumika kukitengeneza: "iron", "wooden", "brass".
8. Neno la kazi yake: "hunting", "cooking", "fishing".

Mwalimu achukue mifano katika vitu ambavyo watoto huviona. Upinde wa Mhadza utakuwa "a beautiful old Hadza hunting bow": maoni, umri, asili, kazi. Chungu kipya cha chuma ni "a large new iron cooking pot": ukubwa, umri, kitu, kazi. Jiwe lililookotwa ufukoni mwa ziwa ni "a small round white stone". Wahunzi wa Kidatooga, ambao hufua vichwa vya mishale na bangili kwa vyuma vikuukuu, watatupatia "two heavy brass bracelets" na "three new iron arrowheads".

Vitabu havipatani katika kila daraja. Vingine hutanguliza umbo mbele ya umri. Vingine huongeza daraja ya hali ya mwili, kama "heavy", "sharp" na "wet", baada ya ukubwa. Daraja zinazobishaniwa ni zile za katikati. Miisho yote miwili, yaani maoni upande wa mbali, na kitu na kazi upande wa karibu, ni imara. Tena mwalimu asiwalazimishe wanafunzi kurundika sifa nane mbele ya jina moja, kwa kuwa hata Mwingereza hafanyi hivyo. Sifa mbili ni kawaida, tatu ni nyingi, na nne hupatikana kwa nadra.

III. Sababu ya mpango huu

Je, daraja hizi ziliwekwa ovyo, au zina msingi? Otto Behaghel, mtaalamu wa Kijerumani, aliandika mwaka 1932 kanuni yake kuu kwamba maneno yaliyo karibu katika fikira huwekwa karibu katika usemi. Tukiishika kanuni hiyo, twaona mara moja kwamba chuma si kitu cha nje cha kichwa cha mshale. Kiondoe, na mshale huna. Lakini uzuri wake umo katika jicho la mtazamaji. Uondoe, na mshale ubaki vilevile. Basi "iron" husimama mlangoni pa jina, na "beautiful" husimama uani.

Kwa miaka mingi maelezo haya yalikuwa ya kukisia tu, kwa sababu hapakuwa na kipimo cha ukaribu wa fikira. Mwaka 2017 wataalamu watatu walio Marekani, Gregory Scontras, Judith Degen na Noah Goodman, walitangaza uchunguzi wenye kipimo. Waliwauliza watu juu ya sifa nyingi, kila moja peke yake: watu wawili wakitofautiana juu ya sifa hii, je, yaweza kuwa hakuna aliyekosea, au hapana budi mmoja amekosea? Kisha walilinganisha majibu hayo na mpango ambao wasemaji wa Kiingereza waupenda. Waliona kwamba kadiri sifa inavyotegemea maoni ya msemaji, ndivyo inavyokaa mbali na jina. Na kadiri inavyokuwa jambo la hakika, ndivyo inavyolikaribia.

Kipimo hiki chafaa sana darasani, maana hakihitaji kitabu. Weka kitunguu mezani. Mtoto mmoja aseme ni kizuri, mwingine aseme si kizuri. Hakuna aliyesema uongo. Mmoja aseme ni kikubwa, mwingine aseme ni cha kadiri. Waweza kubishana, lakini ubishi ni mdogo kuliko ule wa kwanza. Mmoja aseme ni chekundu, mwingine aseme ni cheupe. Hapo wote watacheka, kwa kuwa mmoja haoni vizuri. Mwisho, kama kitunguu kimelimwa Mang'ola au hakikulimwa huko, si suala la maoni kabisa. Basi mpango umejipanga wenyewe: "a nice big red Mang'ola onion". Mwanafunzi aliyeiona sababu hii hana haja ya kukariri daraja nane kama kasuku.

IV. Mahali ambapo kanuni hulegea

Kanuni ya lugha si sheria ya serikali, nayo ina mipaka yake. Minne yatosha kutajwa.

Kwanza, sifa mbili za daraja moja hazina mpango wa lazima, na katika maandiko huwekwa alama ya mkato kati yao: "a kind, patient teacher" au "a patient, kind teacher" ni sawa. Alama hiyo ni ishara kwamba sifa zote mbili zaliangalia jina kwa usawa, wala moja haimo ndani ya nyingine.

Pili, msemaji akitaka kutofautisha, aweza kuvuta sifa mbele na kuitilia mkazo wa sauti. Pakiwa na marundo mawili ya vitunguu vikubwa, moja jekundu na moja jeupe, muuzaji aweza kusema "the RED big ones". Huo ni usemi wa sokoni, nao haufai kuigwa katika insha.

Tatu, maneno mengine yameshikamana na jina hata yamekuwa jina moja pamoja nalo, nayo hayakubali kutenganishwa. "Blackbird" ni namna ya ndege, si kila ndege mweusi. Vivyo hivyo "red onion" katika biashara ni namna ya kitunguu, na kwa sababu hiyo pia "red" hang'oki mahali pake.

Nne, sauti yenyewe huweza kuishinda maana. Waingereza hupenda sauti ya "i" itangulie ile ya "a" au "o", kama katika "zigzag" na "ding-dong". Kwa hiyo mbwa mwitu wa hadithi zao huitwa "big bad wolf", ingawa kwa kanuni ya daraja "bad", iliyo maoni, ingalitangulia "big".

Yako pia maneno machache yaliyotoka katika sheria za Wafaransa waliotawala Uingereza zamani, ambamo sifa hufuata jina, kama "attorney general". Na sifa hufuata daima baada ya maneno kama "something" na "nobody": "something new". Haya yakaririwe yalivyo.

V. Desturi ya Kiswahili

Katika Kiswahili jina hukaa mbele, na yote yalielezayo hulifuata, isipokuwa "kila", neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo hutangulia kama lilivyokuwa likitangulia kwao. Na kionyeshi, ambacho chaweza kutangulia jambo likiwa limekwisha kutajwa: "yule mzee". Neno la kumiliki hung'ang'ania jina kuliko mengine yote, hata pengine huungana nalo: "mwanangu", "babake", "nduguze". Baada yake mpango ni mlegevu kuliko ule wa Kiingereza. Twasema "vitunguu vile vitatu vikubwa vyekundu", na pia "vitunguu vikubwa vitatu vile", wala hakuna atakayetucheka.

Hapa yafaa kutaja kazi ya Joseph Greenberg, Mmarekani, aliyetangaza mwaka 1963 uchunguzi wa mpango wa maneno katika lugha 30 za dunia. Kiswahili kilikuwa mojawapo, na Kimasai pia. Greenberg aliona kwamba kionyeshi, hesabu na sifa zikitangulia jina, hutangulia kwa mpango huo mmoja tu, kama katika Kiingereza "those three big onions". Lakini zikifuata jina, huweza kushika mpango uleule, au kuugeuza kama sura katika kioo. Mfano wake wa namna ya kwanza aliuchukua kwa majirani zetu Wakikuyu, wasemao nyumba, hizi, tano, kubwa. Namna ya pili, iliyo mashuhuri zaidi duniani, ni nyumba, kubwa, tano, hizi. Na Kiswahili, kama ilivyoonekana katika mifano ya juu, chaziruhusu njia zote mbili. Basi ulegevu wetu una mipaka yake, nao si machafuko.

Jambo la pili la kuangalia ni uhaba wa sifa halisi. R. M. W. Dixon, katika makala yake ya mwaka 1977, alionyesha kwamba lugha nyingi zina sifa chache sana. Kiigbo cha Nigeria kina nane tu, zenye maana ya kubwa na dogo, jipya na kuukuu, jeusi na jeupe, jema na baya. Kiswahili kina nyingi kuliko hizo, lakini si nyingi. Rangi zipokeazo viambishi vya ngeli ni tatu tu: -eusi, -eupe, -ekundu, nyingine zote huhitaji msaada, kama "ya manjano" na "ya kijani". Asili, kitu na kazi, yaani daraja tatu za mwisho za Kiingereza, huonyeshwa kwa neno -a: upinde wa Kihadza, chungu cha chuma, wavu wa kuvulia. Hali za moyo na za mwili mara nyingi hutaka -enye au kitendo: mtu mwenye hasira, nguo iliyochanika.

Jambo la tatu ni upatanisho wa ngeli, ambao ni hazina yetu kubwa. Tukisema "kisu cha mkate kikubwa", kila mtu ajua kuwa kisu ndicho kikubwa. Tukisema "kisu cha mkate mkubwa", mkate ndio mkubwa. Kiambishi kimoja kimefanya kazi ambayo Kiingereza hakiwezi kuifanya ila kwa mahali pa neno. Lakini majina mawili yakiwa ya ngeli moja msaada huu hutoweka. "Mke wa mwalimu mzuri": ni nani mzuri? Hapo Mswahili naye hulazimika kutegemea mpango, aseme "mke mzuri wa mwalimu".

Kiingereza cha kale kilikuwa na viishio vya kupatanisha sifa na jina kwa jinsia, wingi na hali, navyo vilipotea katika karne za kati. Hata hivyo tusidhani kwamba kupotea kwake ndiko kulikoleta mpango wa daraja. Maana Kijerumani kimevihifadhi viishio vyake mpaka leo, nacho hupanga sifa karibu sawa na Kiingereza. Sababu kuu ni ile ya sehemu ya tatu.

VI. Lugha nyingine za Mang'ola

Katika Kiiraqw jina hutangulia na sifa hufuata, lakini jina lenyewe hubadilika likifuatwa na neno la kulieleza. Hupata kiungo na kupanda kwa sauti, kana kwamba limenyosha mkono kulishika lifuatalo. Chatu mkubwa ni "waahlár ur": "ur" ni kubwa, na ile "r" ya mwisho wa neno la kwanza ndiyo kiungo. Vionyeshi na maneno ya kumiliki huungana na jina kama viishio. Mtoto wa Kiiraqw, kwa hiyo, amezoea kwamba jina ndilo lenye alama na sifa hufuata nyuma yake. Kiingereza hutanguliza sifa na kuliacha jina bila alama yoyote.

Katika Kidatooga pia jina hutangulia sifa yake, na kionyeshi huungana na mwisho wa jina. Wadatooga ni wafugaji, na kwa mfugaji rangi ya ng'ombe pamoja na mabaka yake si pambo la nje, bali ni kitambulisho chake. Mara nyingi neno moja hutaja rangi na mpangilio wake wa mabaka kwa pamoja, mahali ambapo Mwingereza angehitaji maneno matatu au manne. Mwanafunzi wa namna hii akiambiwa aeleze ng'ombe kwa Kiingereza, huona lugha hiyo ni maskini. Na katika jambo hili ana haki.

Kihadza kina jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na maneno ya kueleza hupatana na jina kwa jinsia na wingi. Lakini jinsia hiyo hutumika pia kuonyesha umbo: jina la kike likigeuzwa kuwa la kiume huonyesha kitu kilicho chembamba kupita kawaida, na la kiume likigeuzwa kuwa la kike huonyesha kitu kilicho cha mviringo. Hivyo Mhadza aweza kueleza umbo bila kutumia sifa yoyote. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana, kwa kuwa nasi hufanya jambo la namna hii kwa ngeli: mtu, kijitu, jitu, mto, kijito. Tena Wahadzabe wana desturi nyingine: mnyama mkubwa akiisha kuuawa, mwindaji hutangaza habari kwa jina jingine, si lile la mnyama aliye hai. Punda milia aliye porini na punda milia aliyeuawa wana majina mawili, wala hapahitajiwi sifa ya kusema kwamba huyu amekufa.

Katika hayo yote mwalimu ataona kwamba lugha hizi hazikukosa kitu. Kila moja ina mahali pake pa kuweka habari ambayo Kiingereza huiweka katika safu ya sifa: moja katika ngeli, moja katika jinsia, moja katika mwisho wa jina, moja katika jina lenyewe.

VII. Mashauri kwa mwalimu

Makosa ya wanafunzi ni ya namna tatu, nayo hayalingani kwa uzito.

Kosa la kwanza ni kuweka sifa nyuma ya jina: "an onion red". Hili ni zito, kwa kuwa huvunja muundo wenyewe, nalo lisahihishwe mapema. Kosa la pili ni kuipatanisha sifa na jina, "reds onions", ambalo huzaliwa na upatanisho wa ngeli. Mwalimu asimkaripie mtoto, bali amwambie waziwazi: katika Kiswahili sifa huvaa nguo ya jina, katika Kiingereza sifa haibadili nguo kamwe. Kosa la tatu ni kubadilisha daraja, "red big onions". Hili ndilo jepesi kuliko yote. Maana haipotei, na msikilizaji huelewa. Kwa hiyo si haki kulikata alama sawa na makosa mawili yaliyotangulia.

Yafaa kufundisha sifa mbili mbili. Kwanza ukubwa na rangi, kwa vitu vilivyo darasani. Wiki ifuatayo maoni na ukubwa. Kisha rangi na kitu. Mwisho kitu na kazi. Kila mara kipimo cha ubishi kitumike, na wanafunzi wenyewe waamue ni sifa ipi inayoweza kubishaniwa zaidi. Baada ya hapo waulizwe jambo hilo husemwaje katika lugha za nyumbani, na majibu yaandikwe ubaoni, Kiiraqw, Kidatooga, Kihadza, Kiisanzu na Kiswahili, bega kwa bega. Zoezi hili halipotezi wakati. Mtoto anayeiona lugha ya mama yake ubaoni, ikiwa na kanuni yake kama Kiingereza kilivyo na yake, hujua kuwa kosa lake limetoka katika elimu aliyo nayo tayari.

VIII. Neno kwa wafasiri

Hatari iko upande wa pili pia. Mtu afasiriye kutoka Kiingereza, awe mwalimu anayetayarisha somo, au mchungaji anayetayarisha masomo ya kusomwa mbele ya watu, hushawishika kuubeba mpango wa Kiingereza mzimamzima, na kurundika sifa tatu au nne nyuma ya jina moja: "kijana mwema mrefu mpya wa Kiingereza". Sikio la Kiswahili huchoka upesi na rundo la namna hii. Afadhali kuligawanya: sifa moja ibaki na jina, ya pili ipewe -enye au "tena", ya tatu iwekwe katika kitendo. "A tall, gentle young teacher" haipotezi kitu ikiwa "mwalimu kijana, mrefu, tena mpole". Maneno yamegeuka mpango, lakini mtu ni yule yule.

Na katika kufasiri kwa lugha za Mang'ola hadhari yapasa kuzidi. Anayeandika kwa Kiiraqw na kusahau kiungo cha jina, au anayeandika kwa Kihadza na kuongeza sifa ya umbo mahali ambapo jinsia ingetosha, ataeleweka, lakini atasikika kama mgeni. Kabla ya kupiga chapa, maneno yasomwe kwa sauti mbele ya wazee wa lugha hiyo, na mahali watakapositasita pakaguliwe tena. Mpango wa maneno hujulikana kwa sikio kwanza, kisha ndipo hupatiwa kanuni. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waingereza, na ndivyo ilivyo Mang'ola.